Naomba ushauri: ndoo ya asali ya lita 20 ni kilo ngapi?

Mtunza Hesabu (Sikonge)
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninatunza hesabu za kikundi cha wafugaji nyuki wilayani Sikonge, mkoani Tabora. Tuna ndoo 12 za asali iliyokwisha kuchujwa, na wanunuzi wawili wamejitokeza: wa kwanza anatoa shilingi 130,000 kwa ndoo ya lita 20, wa pili shilingi 5,500 kwa kilo. Baadhi ya wanachama wanashikilia kwamba lita moja ni kilo moja, kwa hiyo wa pili anatupa 110,000 tu kwa ndoo. Mimi nina shaka, kwa sababu ndoo ya asali hainyanyuliki kama ndoo ya maji. Naomba kuelekezwa kabla ya kikao cha Jumamosi.

Mwalimu wa Hisabati
Shaka yako ni ya haki. Lita hupima ujazo na kilo hupima uzito, na viwili hivyo hulingana kwa maji tu. Lita moja ya asali iliyoiva ina takriban kilo 1.4. Zidisha kwa 20 upate kilo 28, kisha zidisha kwa 5,500: ni shilingi 154,000. Mnunuzi wa pili anamzidi wa kwanza kwa 24,000 kila ndoo, yaani 288,000 kwa ndoo zote 12.

Mama Mawese (Kigoma)
Huku kwetu mambo ni kinyume, maana mafuta ni mepesi kuliko maji. Dumu la lita 20 la mawese lina kilo 18 na ushee, na anayelilipia kama kilo 20 amepunjwa. Hata hivyo, ndugu yangu, usiuze kwa hesabu ya karatasini pekee. Ndoo nyingi zikijazwa hadi ukingoni huzidi lita 20, na nyingine hazifiki. Ipime tupu, ipime imejaa, kisha utoe. Na mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, hata kama mnunuzi anakuja na ya kwake.

Mrina Asali
Naongeza jambo moja. Asali iliyorinwa kabla masega hayajazibwa huwa na maji mengi, hivyo lita yake ni nyepesi na huchacha upesi. Kuijua yako, chukua chupa tupu uipime, ijaze maji hadi alama fulani uipime tena, kisha imwage, ikaushe, utie asali hadi alama ileile. Tuseme chupa ina gramu 40, ikiwa na maji 540, ikiwa na asali 740. Asali ni gramu 700, maji ni 500; gawanya, jibu ni 1.4. Si lazima ujue ujazo wa chupa.

Mtunza Hesabu (Sikonge)
Nawashukuru sana. Asali kidogo tutaifungasha wenyewe katika chupa za nusu lita. Je, lebo iandikwe gramu 500?

Mwalimu wa Hisabati
Hapana. Chupa hiyo ikijaa nusu lita ina gramu 700 hivi, kwa hiyo kila chupa mngetoa gramu 200 bure. Mkitaka kuuza gramu 500, jazeni mililita 357 tu, yaani 500 gawanya kwa 1.4, na itafaa mtafute chupa ndogo zaidi, kwa sababu mteja akiona chupa imejaa nusu na robo tu atadhani mmempunja.