Kupima nguvu ya amplifaya ya gari: mita ya kawaida, klampu au osiloskopu?

Noah_Mukono
Habari zenu wakuu. Niko na gari la Toyota Noah, nimefunga amplifaya ya mono (ya chaneli moja), boksi limeandika wati 1500, sabufa mbili za ohm 4 zimeungwa paraleli kwa hiyo ni ohm 2. Shida ni kwamba nikitoka Kampala kwenda Jinja, besi inapiga vizuri mpaka Lugazi, nikiingia msitu wa Mabira taa nyekundu ya amplifaya inawaka na amplifaya inazima. Fundi anasema amplifaya ni feki. Mimi nataka kupima mwenyewe kabla sijanunua nyingine, nitumie nini?

FundiWaya_Ndeeba
Ssebo, kabla ya mita angalia fyuzi zilizo kwenye amplifaya yenyewe, ni za ampea ngapi?

Noah_Mukono
Ziko mbili, 40 na 40.

FundiWaya_Ndeeba
Basi 80 mara volti 13.8 ni kama wati 1100 zinazoingia. Amplifaya nzuri ya klasi D (aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto) inatoa kama asilimia 80 ya hizo, kwa hiyo tarajia 880 hivi. Hiyo 1500 ni ya kilele (ya mpigo mfupi), si RMS (wati za kuendelea), lakini hapo hatuwezi kuiita feki. Fyuzi inakupa makadirio tu lakini hata dukani unaweza kuifanyia hesabu ukiwa umesimama. Na kama ukiona boksi limeandikwa CEA-2006, yaani kiwango cha kupimia amplifaya za gari, ujue wati zimepimwa kwa volti 14.4, ohm 4, upotoshaji usiozidi asilimia 1, hizo unaweza kuziamini zaidi.

Kijana_wa_Besi
Mimi natumia mita ya kawaida miaka yote. Unatoa waya za spika, unazima bass boost (kiongeza besi), ikwalaiza zote sifuri, unapiga toni ya Hz 50 kutoka kwa simu au flashi, redio robo tatu, unaweka mita kwenye AC pale pa spika halafu unapandisha geini (ile skrubu ya kiwango kwenye amplifaya) polepole. Hesabu ni volti mara volti gawanya kwa ohm. Wati 800 kwa ohm 2 ni volti 40, ukifika hapo unaacha. Tumia Hz 50 maana mita nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kupima umeme wa nyumba, na umeme wetu ni Hz 50, ukiweka toni ya juu sana zinaanza kudanganya. Tafadhali usiguse hizo ncha wala usiziache zigusane.

Arua_Sauti
@Kijana_wa_Besi njia yako ni nzuri ila ina tundu kubwa. Spika zikiwa zimetolewa amplifaya haibebi mzigo wowote, volti 40 utaipata kirahisi, ukirudisha sabufa volti zinaanguka. Tena mita haioni wimbi likikatwa kichwa, yenyewe inakuambia 40 tu, na wimbi lililokatwa ndilo linalounguza koili ya sabufa. Kwa hiyo mimi nasema osiloskopu, kifaa kinachochora wimbi la umeme kwenye skrini, hata hizi ndogo za mkononi, unaona kabisa lile wimbi la mviringo linaanza kuwa tambarare juu, unarudisha geini kidogo, umemaliza. Angalizo mbili: volti 40 za mita zina kilele cha karibu 57, kwa hiyo weka probu (waya wake wa kupimia) kwenye x10, inayopunguza volti mara kumi, na iendeshe kwa betri yake, usiichomeke kwenye gari, maana kwa mono nyingi hata ile hasi ya spika ina umeme, haijaungwa na bodi ya gari.

MzeeWaMbale
Na klampu je, ile mita inayobana waya na kupima ampea? Mimi nilikuwa na sabufa ya ohm 2, ndani ya boksi lake la spika kwa toni ya Hz 45 nikapata volti 30 na ampea 6.5. Gawanya uone, ni ohm 4.6! Nikabaki na 195 (volti mara ampea) na mimi nilikuwa naamini ni wati 450. Boksi linabadilisha ohm, na hizo 195 zenyewe si wati kamili kwa sababu volti na ampea haziendi pamoja kwenye koili. Lakini ndiyo picha ya kweli ya gari lako.

Mama_Hiace
Wanangu mnapima kinachotoka, kinachoingia je? Noah, washa injini, piga besi, weka mita kwenye DC. Ncha moja chanya ya betri, nyingine chanya ya amplifaya. Halafu hasi kwa hasi. Kila upande ikizidi nusu volti ujue waya au athi (pale hasi inapofungwa kwenye bodi) ni mbovu. Mimi niliuziwa waya nene nikaambiwa ni kopa, nikakwangua uzi mmoja kwa wembe, ndani mweupe, alumini imepakwa rangi ya kopa! Angalia lakini, kuna kopa iliyopakwa bati, hiyo nje nyeupe ndani nyekundu, hiyo ni nzuri.

Noah_Mukono
Mama asante sana, nimepima jioni hii. Betri 14.1, kwenye amplifaya 11.7!! Upande wa chanya inapotea 0.6, upande wa athi 1.8. Nikafungua athi, fundi aliifunga kwenye bolti ya kiti juu ya rangi, na lagi (kile kichwa cha chuma cha mwisho wa waya) imekazwa kwa koleo tu inacheza. Nimepiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nimeweka lagi mpya, sasa athi ni 0.2 na amplifaya inapata 13.3. Nimeipiga dakika arobaini imesimama nje ya nyumba, haijazima.

FundiWaya_Ndeeba
Hiyo 0.6 usiiache, kwangua waya kama mama alivyosema. Fyuzi ya waya mkuu iko wapi?

Noah_Mukono
Nyuma, karibu na amplifaya.

Mama_Hiace
Hapana mwanangu, hapo inalinda amplifaya tu. Waya ukikwaruzika pale unapopita kwenye ukuta wa injini, betri yote inamwagika kwenye bodi na gari linaungua. Isogeze ndani ya sentimita 45 kutoka betri, na weka mpira kwenye lile tundu. Fanya kabla hujawasha tena.

Noah_Mukono
Nimetoa waya wa betri sasa hivi. Asubuhi natafuta kishika fyuzi na mpira, halafu naazima osiloskopu nirekebishe geini.