Naomba ushauri: watoto wa shule ya msingi wajitolee kazi gani vuli hii?

Habari zenu wakuu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku Kigogo, Dar es Salaam, karibu na Bonde la Msimbazi. Kabla vuli haijachanganya, tunataka wanafunzi wafanye kazi ya kuusaidia mtaa.

Wenzangu wanapendekeza wazibue mtaro ulio mbele ya geti. Mtaro wenyewe umejaa chupa za plastiki, pampasi na vipande vya vioo, na maji yake ni meusi tii. Mtoto wa darasa la tatu kuingia mle na kandambili? Hapana, kwa kweli siafiki. Hiyo ni kazi ya watu wazima wenye mabuti na glovu, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya usafi, ipo kwa ajili hiyo.

Mimi nafikiria wapande miti, kila darasa na mti wake. Wasiwasi wangu ni likizo ya Desemba: nani atamwagilia, na mbuzi wa mtaani tuwazuie vipi? Mwarobaini utafaa, au mkungu wa kivuli? Walimu na wazazi mliowahi kusimamia jambo hili, naombeni uzoefu wenu. Kikao ni wiki ijayo.