Ati sidii zangu zikaamie ndege Cheju! Yule muuza gemu mnamjua

Mtoto_wa_Mlandege
Jamani nina hasira hadi vidole vinatetemeka. Nimetoka sasa hivi dukani kwa yule bwana. Sina haja ya kumtaja, kila aliyewahi kununua pedi ya kuchezea gemu mjini hapa keshaonja ulimi wake. Nimeingia kwa heshima, salamu nimetoa, nikamuuliza: baina ya mashine za gemu, PlayStation 5 (PS5) na Xbox Series S, ipi itanifaa, maana nina sidii zangu za PS4, hizi hapa mkobani. Mtu kazitazama sidii, kawatazama watu waliojaa dukani, kasema kwa sauti ya kusikika hadi Bububu: "Hizo nenda nazo Cheju, zitundike mpungani zikuamie ndege."

Ndege! Sidii nilizonunua kwa pesa zangu! Duka zima likaangua kicheko, hata mtoto wa skuli aliyefuata waya wa chaja kacheka.

Na suali langu lilikuwa la maana. Series S haina tundu la sidii kabisa. Kila gemu ulishushe kwa intaneti, na gemu kubwa za siku hizi kuna zinazopita GB 100. Bando hilo atalipa yeye? PS5 yenye tundu inasoma karibu sidii zote za PS4, na mtaani kwetu sidii moja inazunguka nyumba kwa nyumba, leo kwako kesho kwangu. Gemu la kushusha utamuazima nani? Halafu kwenye duka la mtandaoni la PlayStation Tanzania haimo hata katika orodha ya nchi, tunajiandikisha kama watu wa Marekani au Afrika Kusini. Hayo yote nilitaka kumwambia. Nitamwambia saa ngapi na watu wamejishika mbavu? Na hakutosheka, natoka mlangoni ananifuata na sauti: "Cheju, mwanangu, Cheju!" Mbele ya watu!

Mkaazi_Jang'ombe
Huyo huyo! Mie nilimuuliza bei tu, kaniuliza kwanza kama nyumbani tuna televisheni ya rangi. Mtu anauza kama anatoa sadaka.

Pedi_Mbili
Pole, lakini kuhusu sidii kasema kweli. Hata ukiitia hiyo sidii, mashine itakudai apdeti. Bando utanunua tu. Na PS5 Pro iliyotoka 2024 haina tundu, dunia inakwenda huko. Chukua Series S, bei ndogo, lipia Game Pass kila mwezi, gemu tele.

Mtoto_wa_Mlandege
Apdeti na gemu zima ni kitu kimoja? Na hiyo Pro unanunua tundu mbali unalipachika, usinifunge kamba. Game Pass ukiacha kulipa gemu zake hazifunguki, sidii yangu itafunguka hadi ivunjike. Lakini tuyaache hayo. Mteja anaambiwa akaamie ndege! Umelisoma hilo au umelirukia?

Pedi_Mbili
Nimelisoma. Nimecheka pia. Na hilo tundu la kupachika, siku ya kwanza lazima uwe na intaneti ndiyo likubali. Umelijua hilo?

Bint_Bondeni
Samahani naingilia. Mbona sidii mpungani zinasaidia kweli? Bibi yangu kazitundika kwa uzi, jua likizipiga ndege hawatui. Mwenye zilizokwaruzika asitupe, aniambie.

Mtoto_wa_Mlandege
Dada na wewe! Zangu hazina hata mkwaruzo!

Chake_Kwetu
Yakhe nyinyi wa Unguja mnalilia maneno. Kuno Pemba mashine ikifika ishapanda meli, ishatupwa na wapagazi juu ya magunia, na muuzaji kaongeza bei anayoitaka. Uulize suali? Utamuuliza nani, duka lenyewe analo mmoja! Tungepata wa kututukana tungeshukuru, angalau tungekuwa na la kuchagua. Na ukiiwasha tu, umeme puu.

Mkaazi_Jang'ombe
Umeme msituambie. Sie tulikaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Mwaka 2008 vilevile, karibu mwezi. Nilikuwa na PS2 imefunikwa kitambaa miezi yote hiyo.

Chake_Kwetu
Miezi mitatu ndiyo unasimulia? Sie hadi 2010 tulikuwa tunategemea majenereta, ndipo ulipoletwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Gemu la mpira hukulimaliza kipindi cha kwanza. Ungekuja ukae kwetu wiki moja, ungeisahau hiyo PS2.

Mtoto_wa_Mlandege
Uzi huu ni wa yule bwana wa dukani jamani, rudini! Mtu kaniambia Cheju mara mbili!

Pedi_Mbili
Kubwa kuliko yote hamlisemi: pedi za PS5. Kijiti kinatembea peke yake, mchezaji wangu anakimbilia kona bila kuguswa. Pedi mpya inauzwa bei ya mbuzi. Fundi kaifungua, kairudisha na skrubu pungufu, kijiti sasa kinakwenda upande wa pili.

Mkaazi_Jang'ombe
Fundi wa wapi? Kama ni yule wa ghorofani, kwangu alirudisha pedi ya mtu mwengine.

Pedi_Mbili
Huyo huyo! Na kaniapia kuwa ni yangu.

Chake_Kwetu
Nyie mna mafundi wa kuwalaumu. Umeme ulivyorudi juzi umenipigia PS4 tundu la HDMI, inawaka lakini picha hakuna. Kuna mtu Wete anayejua kubadilisha, au lazima niipandishe tena kwenye meli?