Kuhamia mashambani Georgia ukiwa mpenda shabaha ya bastola: maisha hubadilikaje?

Mlengaji wa Jersey anauliza:

Ndugu zangu, salamu. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, nimeishi Jersey City, katika jimbo la New Jersey, tangu nilipoingia Marekani, na burudani yangu kubwa kwa miaka yote hii imekuwa kulenga shabaha kwa bastola. Siwindi, wala sitembei na silaha kiunoni. Ninachokipenda ni kusimama kwenye mstari na bastola ya risasi ndogo za .22, kuweka risasi kumi kwenye karatasi iliyoko yadi 25, kisha kwenda kuhesabu alama. Mke wangu ni muuguzi, amepata kazi katika mji mdogo karibu na Vidalia, kusini mwa Georgia, na tumeshapata nyumba yenye ekari sita nje ya mji.

Wanaoijua New Jersey wanafahamu jinsi mchezo huu ulivyozungushiwa taratibu. Kila bastola unayonunua inahitaji kibali chake, huruhusiwi kununua zaidi ya bastola moja katika siku 30, na tangu 2018 magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye bastola, haipaswi kupakia zaidi ya risasi 10. Nimeyalalamikia hayo yote pamoja na wenzangu wa klabu, ingawa klabu hiyohiyo ndiyo iliyonipa ratiba, walimu na marafiki. Sasa naambiwa kwamba huko niendako mtu hutoka tu mlango wa nyuma akaanza kufyatua.

Naomba waliotangulia wanieleze maisha yenyewe. Je, ekari sita zinatosha kujitengenezea uwanja? Majirani watamchukuliaje Mwafrika mwenye lafudhi anayepiga risasi nyuma ya nyumba yake? Mashindano nitayapata, au nitabaki kupiga makopo peke yangu? Mimi na mke wangu tuna kadi za kijani, yaani ukaazi wa kudumu, bado hatujawa raia, kwa hiyo anayejua sheria asinifiche jambo.

Mkulima wa Tifton anajibu:

Karibu sana kusini, ndugu. Niko upande wa Tifton, chini ya saa mbili kutoka huko, na nilifuata njia kama yako, ila mimi nilitokea Maryland.

Nianze na sheria, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi hulewa uhuru. Bastola zako utakuja nazo bila kuziandikisha popote, kwa maana Georgia haina daftari la silaha. Tangu Aprili 2022, Gavana Brian Kemp alipotia saini sheria mpya, mtu anayeruhusiwa kumiliki bastola anaweza pia kuibeba bila leseni. Hata hivyo, nakushauri uende kwa jaji wa mahakama ya mirathi ya kaunti yako ukaombe leseni ya kubeba silaha, hata kama huna nia ya kubeba. Sheria ya shirikisho inakataza kuwa na bastola ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni, nje ya eneo la mtu binafsi, isipokuwa iwe imefungiwa bila risasi au uwe na leseni ya jimbo hilo, na huku shule nyingi zimejengwa kando ya barabara ileile utakayopita ukienda kununua mkate. Leseni hiyo pia hutambuliwa na majimbo mengine kadhaa.

Ekari sita zinaweza kutosha, lakini inategemea zimelalaje na nini kiko nyuma yake. Hata risasi ndogo ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya maili moja ikikosa kizuizi, na msitu wa misonobari si kizuizi hata kidogo, ijapokuwa utawaona wenyeji wakiutegemea. Unahitaji tuta la udongo, refu kuliko unavyodhani, lisilo na mawe upande unaopigwa, na lielekee mahali ambapo hapana nyumba, njia wala malisho. Ardhi ya kwetu ni ya mchanga, tofauti na ule udongo mwekundu wa kaskazini mwa jimbo, kwa hiyo tuta humomonyoka mvua za kiangazi zikianza, na usipolipanda nyasi mapema utakuwa unalijenga upya kila mwaka. Faida ya mchanga ni kwamba unaweza kuuchekecha ukatoa risasi zilizozama. Fanya hivyo kwa bidii, maana nyumba nyingi za huku hunywa maji ya kisima, udongo wetu una asidi, na asidi huyeyusha madini ya risasi yakapenya chini. Wanaojali humwaga chokaa ya shambani kwenye tuta ili kupunguza asidi hiyo. Ukipenda kupiga vibao vya chuma, viwe vya chuma kigumu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, viinamishwe mbele kidogo, na usivisogelee chini ya yadi 10, kwani vipande hurudi. Kumbuka pia kwamba kufyatua ndani ya yadi 50 kutoka barabara ya umma bila sababu ya kisheria ni kosa, na kwamba kaunti inaweza kuwa na masharti yake, hivyo piga simu kwanza.

Kisha kuna usubi. Hili hakuna atakayekuandikia kwenye mkataba wa nyumba. Wenyeji huzungumzia mstari unaopita miji ya Columbus, Macon na Augusta, na kusini ya mstari huo usubi ndio wenye nchi. Umenyosha mkono mmoja, umeshusha pumzi, kidole kimeanza kukaza, na kadudu kamoja kanaingia kwenye kona ya jicho linalolenga. Wenyeji wamejifunza kuwapuliza kwa pembe ya mdomo bila kugeuza kichwa, nawe utajifunza, ingawa alama zako za msimu wa kwanza wa joto nisingezitazamia sana.

Kuhusu majirani, jambo litakalowashangaza si kwamba unafyatua. Huku bastola au bunduki ni chombo cha kazi, inakaa kwenye gari la mizigo pamoja na spana, kwa ajili ya nyoka na nguruwe mwitu wanaofukua karanga. Watakachokishangaa ni mtu mzima anayetumia alasiri nzima akitoboa karatasi kwa utaratibu na kuandika daftarini. Mzee jirani yangu aliniuliza kwa adabu kubwa nilikuwa najiandaa kuwinda mnyama gani. Nenda ukawasalimu kabla hujafyatua risasi ya kwanza, uwaulize kama wana farasi au ng'ombe wanaokaribia kuzaa, uwape namba yako ya simu, na usipige Jumapili asubuhi watu wakiwa kanisani.

Dereva wa Masafa anajibu:

Mkulima ameeleza vizuri ya kufika, nami niongeze ya njiani. Kati ya Jersey City na Vidalia utavuka Delaware, Maryland, Virginia na majimbo yote mawili ya Carolina, na kila moja lina sheria yake. Sheria ya shirikisho ya 1986 inakulinda ukiwa safarini kutoka mahali unaporuhusiwa kumiliki bastola hadi mahali unaporuhusiwa, mradi haina risasi ndani, na hiyo bastola pamoja na risasi zake havifikiki kutoka ulipokaa. Kwa lugha nyepesi, iwe ndani ya kasha lenye kufuli, kwenye buti. Usikatishe safari ili ukalale siku mbili kwa shemeji huko Baltimore, kwa sababu ulinzi huo ni wa msafiri apitaye. Kampuni nyingi za kuhamisha mizigo hazipokei risasi, hivyo maliza ulizonazo kabla ya kuondoka au uzigawe klabuni.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye safari ya kurudi kusalimia. Ukishaishi Georgia utanunua magazini za risasi 15 au 17, utazizoea, na siku moja utaendesha kwenda harusini New Jersey huku moja imesahaulika kwenye mkoba. Isome kesi ya Shaneen Allen, mama wa Philadelphia aliyekuwa na kibali halali cha Pennsylvania. Mwaka 2013 alisimamishwa na askari New Jersey kwa kosa la barabarani, akamwambia mwenyewe kwamba ana bastola, akafunguliwa mashtaka yenye kifungo cha miaka. Alinusurika, na Gavana Chris Christie akamsamehe mwaka 2015. Yeye alikuwa raia.

Mama Neema wa Brunswick anajibu:

Kaka zangu wamesema vyema, lakini naona wamepita haraka mno kwenye swali la jinsi majirani watakavyokuchukulia. Mimi naishi Kaunti ya Glynn, humuhumu Georgia, ambako tarehe 23 Februari 2020 Ahmaud Arbery, kijana Mweusi aliyekuwa akikimbia mazoezi bila silaha yoyote, alifukuzwa kwa magari na kupigwa risasi. Wanaume watatu walihukumiwa, na mwaka 2021 jimbo likafuta sheria ya zamani iliyomruhusu raia kumkamata mwenzake. Sisemi usije. Majirani zangu ni watu wema na huniletea mahindi. Nasema tu kwamba ushauri wa kwenda kuwasalimu mapema si adabu peke yake. Kwako ni hatua ya usalama, nawe uende mchana, pamoja na mkeo, bila kitu mkononi.

Ukisimamishwa na naibu wa sherifu, sheria ya Georgia haikulazimishi kutaja silaha usipoulizwa. Wengine hutaja mara moja, wengine hunyamaza. Philando Castile alitaja kwa upole kule Minnesota mwaka 2016, akiwa na kibali halali, na askari akampiga risasi palepale kwenye kiti cha gari, akafa. Kwa mchezo wako jibu ni rahisi kuliko kwa wabebaji: bastola ikae kwenye kasha, kasha kwenye buti, nyaraka za gari zikae mahali pengine kabisa, na mikono ikae juu ya usukani.

Sasa kadi ya kijani. Mkaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua bastola, lakini kwenye fomu ya duka andika uraia wako wa kweli na namba yako ya uhamiaji, kwa sababu kujidai raia wa Marekani kunaweza kukuondoa nchini. Vilevile hukumu yoyote ya kununua, kuuza, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria ni sababu ya kufukuzwa, hata kosa ambalo raia angelilipia faini akaenda zake. Fomu hiyo inauliza pia kuhusu bangi, na serikali ya shirikisho haijali kwamba New Jersey iliihalalisha. Huku watu huuziana bastola uwanjani kwa kupeana mkono, na sheria ya jimbo haiwakatazi. Wewe pitia kwa muuzaji mwenye leseni, ufanyiwe ukaguzi, uhifadhi risiti.

Mlengaji wa Jersey:

Nawashukuru sana, hasa wewe dada, kwa kutozunguka. Nimebakiza mawili. Nyumba yetu haikosi wageni, na wageni wetu huja na watoto wanaofungua kila mlango. Na la mashindano bado halijajibiwa.

Mkulima wa Tifton:

La watoto ni sefu ya chuma iliyofungwa kwa bolti sakafuni, na ufunguo au namba ibaki kwenu wawili tu. Sefu yenyewe uiwekee kifaa cha kukausha hewa. Unyevu wa huku ni wa kupanda kutu juu ya chuma ulichokipaka mafuta wiki iliyopita.

Karatasi ya Kumi anajibu:

Natokea Alabama, na la mashindano niachieni mimi.

Inaelekea unacheza mchezo wa zamani wa mkono mmoja, ule wa alama 2700: risasi za taratibu kwa yadi 50, kumi katika dakika kumi, kisha yadi 25, tano katika sekunde 20 na tano katika sekunde 10. Mchezo huo umepungua wafuasi, na vijijini huwezi kutarajia klabu yake kila kaunti. Utakachokikuta kwa wingi ni mashindano ya kutembea na kufyatua, ya vyama viwili vya walengaji, USPSA na IDPA. Katika USPSA alama zako hugawanywa kwa muda uliotumia, hivyo mlengaji makini anayechelewa hushindwa na kijana mwepesi anayekosa kidogo. Katika IDPA muda ndio msingi, na kila alama unayopoteza inakuongezea sekunde moja. Kwa mtu wa karatasi naona IDPA inavumilika zaidi, ingawa mwanzoni utakerwa na makelele na haraka zake.

Ukitaka shabaha ya kweli, weka akiba ya mafuta uje Talladega, huku kwetu Alabama. Kuna uwanja wa Civilian Marksmanship Program, shirika la kufundisha raia kulenga shabaha, uliofunguliwa 2015 kwenye ekari 500, wenye shabaha za kielektroniki zinazokuonyesha kwenye skrini risasi ilipotua kabla hujashusha mkono. Kutoka Vidalia ni saa nne au tano za barabara. Unaweza kulenga pale bila kuwa raia, ila zile bastola na bunduki za zamani za jeshi ambazo shirika hilo huuza ni za raia peke yao, kwa hiyo usijaze fomu ya kuzinunua kwanza. Karibu zaidi na kwako kuna viwanja vya umma vya idara ya maliasili ya Georgia, ambavyo mtu mzima huingia kwa pasi ya maeneo ya jimbo au leseni ya uwindaji au uvuvi. Siku za kazi asubuhi huwa vitupu. Wiki moja kabla ya msimu wa kuwinda paa kufunguliwa usiende kabisa, maana kila mwenye bunduki ya darubini atakuwa pale akiirekebisha.

Daraja lako la mashindano ni la kitaifa na halifutwi kwa kuhama. Badilisha anwani kwenye uanachama wako kabla hujaondoka Jersey, ili kadi mpya ikufuate Georgia na usiandikishwe kama mgeni asiye na daraja.