Safari ya Amancio Ortega: fundi wa Dodoma aige nini, aache nini?

mshonaji_nkuhungu

Wakuu, habari za jioni. Naomba tuchambue maisha ya Amancio Ortega, yule Mhispania aliyeanzisha Zara, kwa jicho la fundi. Kila anapotajwa husemwa umaskini wa utotoni, kisha utajiri wa uzeeni. Pale katikati panarukwa, na ndipo kazi ilipofanyika.

Swali langu: mtu mwenye cherehani mbili na ovaloki moja (mashine ya kufunga kingo zisifumuke), chumba kimoja Nkuhungu, anayeishi kwa oda za vipimo, aanzeje kushona mashati ya vitenge ya kuuza yakiwa tayari? Hatua zipi za Ortega zinafanyika hapa Dodoma na zipi hazifai? Naomba yadi, gharama, na mahali ambapo watu huharibu.

---

uzi_na_sindano

Mkuu, tuanze na miaka yake maana ndiyo inayojibu nusu ya swali. Ortega alizaliwa 1936, baba yake mfanyakazi wa reli. Aliacha shule mapema, na akiwa na miaka kama 13 au 14 akawa kijana wa kutumwa katika duka la mashati mjini A Coruña, kaskazini magharibi ya Hispania. Kampuni yake ya kwanza, Confecciones GOA, ilianza 1963 (GOA ni herufi za mwanzo za majina yake zikisomwa kinyumenyume). Duka la kwanza la Zara likafunguliwa 1975, hapo hapo A Coruña. Nje ya Hispania alitoka 1988, kwenda Porto, Ureno.

Hesabu vipindi hivyo: karibu miaka 13 ya kaunta na kupeleka mizigo, miaka 12 ya kiwanda kisicho na duka lake, miaka 13 ya maduka ndani ya nchi moja. Anayetaka kuruka kutoka cherehani mbili hadi "brandi" ndani ya miezi sita haigi safari hii, anaiga picha ya mwisho.

La pili, hakuanza na mavazi ya jukwaani. Alianza na majoho ya kuvaa nyumbani asubuhi, ya kitambaa chenye pamba ndani. Ni nguo nyepesi kwa vipimo: haibani, kifuani ina nafasi, saizi chache zinatosha watu wengi. Fundi anayeanza nguo za tayari achague nguo ya namna hiyo. Shati la mikono mifupi linafaa. Gauni la kubana kiunoni halifai, kwa sababu wanawake watano wenye kifua inchi 38 wana viuno vitano tofauti, na kila gauni litarudi kupunguzwa au kuongezwa.

La tatu husahaulika kabisa: hakuwa peke yake. Rosalía Mera, aliyekuwa mkewe, alikuwa mwanzilishi mwenza na fundi tangu siku za majoho. Wanawake wa vijiji vya Galicia, jimbo lenye mji wa A Coruña, ndio walioshona, wengi katika vikundi vya ushirika, huku kitambaa kikikatwa sehemu moja. Hilo la kukata sehemu moja na kushonesha kwa wengi ndilo la kuiga kwanza. Ukataji ukibaki mikononi mwako, mashati ya mafundi watatu tofauti yatatoka saizi moja. Ukimwachia kila mmoja akate, ya saizi 40 yatakuwa ya aina tatu.

La kuacha ni kunakili. Zara imelalamikiwa mara nyingi na wabunifu kwamba imechukua kazi zao. Kwa fundi mdogo ni hasara tupu: ukinakili mshono unaouzwa Kariakoo utashindana kwa bei na mtu anayenunua kitambaa kwa robota.

---

mkata_kitambaa

Nachukua upande wa meza, mkuu.

Kitenge cha pisi moja ni yadi 6, yaani takriban mita 5 na nusu, upana kama inchi 45. Shati la mikono mifupi la kifua inchi 38 hadi 42 linakula yadi 2 ukipanga vipande vizuri: mgongo na vifua viwili kwanza, mikono ijaze kwenye mikato ya kwapa, kola na mfuko zitoke kwenye mabaki ya pembeni. Pisi moja, mashati matatu. Saizi 44 kwenda juu inataka yadi 2 na robo hadi 2 na nusu, hivyo hiyo iwe ya oda mpaka daftari lioneshe watu wanaiulizia. Kitenge chenye maua makubwa au ndege wanaotazama juu huongeza matumizi, kwa kuwa huwezi kugeuza kipande kichwa chini.

Mkato wa kwanza uwe mashati 12: manne ya 38, manne ya 40, manne ya 42. Pisi nne. Kata vipande vya yadi 2, panga tabaka 4 zote zikitazama juu, weka paterni (vipande vya karatasi vya kufuatisha mkato), bana kwa vizito, kata. Mara tatu, saizi moja kila mara. Mkasi wa inchi 10 unakata tabaka 4 sawasawa. Ukizidisha, tabaka za chini zinateleza mbele ya mkasi, na utakuta upande mmoja wa kifua umezidi mwingine robo inchi. Hapo ndipo mashati "yanayovuta upande mmoja" yanapozaliwa, na mshonaji hulaumiwa bure.

Paterni iwe ya karatasi ngumu, si ya kuchora kwa chaki kila siku. Shati likiisha liwe na kifua kilichozidi mwili kwa inchi 4 hadi 5. Kutoka saizi moja kwenda nyingine kifua kinaongezeka inchi 2, maana yake kila robo ya paterni inaongezeka nusu inchi. Shingo inaongezeka nusu inchi. Watu wengi huongeza kifua wakasahau kwapa na kichwa cha mkono, kisha mkono unakuwa mdogo kuliko tundu lake na mshonaji analazimika kuuvuta. Pima duara zote mbili kwa tepu iliyosimamishwa kwa ukingo kabla hujakata karatasi.

Sasa kitambaa chenyewe. Choma uzi mmoja: pamba inaacha jivu laini lenye harufu ya karatasi, poliesta inayeyuka na kuwa tone gumu. Kisha kata mraba wa sentimita 50 kwa 50, fua, anika, piga pasi, pima. Ukirudi 48 na nusu, kimepungua asilimia 3, na shati la urefu wa inchi 30 litapoteza karibu inchi nzima. Kama kinapungua hivyo, loweka pisi zote kabla ya kukata. Wanaoruka hatua hii hupata malalamiko baada ya mfuo wa kwanza, wakati pesa imeshatumika.

---

daftari_la_fremu

Habari zenu. Upande wa hesabu, nitatumia bei za mfano, kila mtu aweke za kwake.

Kitenge pisi 24,000, kwa hiyo shati 8,000. Kitambaa cha gundi cha kola 500, vifungo saba 700, uzi 300, ushonaji 5,000, ukataji 1,000, umeme na pasi 500, mfuko 300. Jumla 16,300. Kodi ya fremu 150,000 ukiigawa kwa mashati 60 ya mwezi ni 2,500. Shati limesimama kwa 18,800. Fundi wengi huishia kwenye 9,500 ya kitambaa, gundi, vifungo na uzi, hawajilipi ushonaji, wanauza 15,000 wakidhani wamepata.

Sasa njia mbili za kushona hayo 60 ya mwezi, bei ya kuuza 28,000.

Njia ya kwanza, kitambaa kimoja, mashati 60 kwa mpigo. Tuseme 40 yanakwenda kwa bei kamili na 20 yanakwama, yanatupwa kwa 15,000. Mauzo 1,420,000, gharama 1,128,000, inabaki 292,000. Fedha iliyolala kwenye kitambaa siku ya kwanza ni 480,000.

Njia ya pili, mikato mitano ya mashati 12, kitambaa kipya kila mara. Kwa kuwa unanunua pisi nne nne, tuseme bei inapanda hadi 27,000, yaani 1,000 zaidi kwa shati. Mawili tu yanakwama kila mkato. Mauzo 1,550,000, gharama 1,188,000, inabaki 362,000. Na kitambaa cha siku ya kwanza kimekugharimu 108,000.

Tofauti ya faida si kubwa sana. Tofauti ya mtaji ndiyo kubwa, na hapo ndipo ilipo siri ya Ortega: Zara hupeleka nguo dukani mara mbili kwa wiki, kidogo kidogo, na wasimamizi wa maduka wanarudisha taarifa ya kilichoulizwa. Fundi wa hapa aweke daftari lenye safu mbili tu, "kimeuzwa" na "kimeulizwa hakipo". Ya pili ina thamani kuliko ya kwanza. Hesabu Jumapili na Jumatano jioni, kata kesho yake asubuhi. Kitambaa kikihitajika haraka, tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024 mtu anaweza kwenda Kariakoo na kurudi siku hiyo hiyo. Lakini jumlisha nauli kwenye bei ya pisi, usiifiche.

Mali kauli kwa wenye maduka: mwachie mashati yasiyozidi 6, kwa maandishi, siku 14, yasiyouzwa yarudi safi. Ukimwachia 30 umemkopesha mtaji wako.

Jina: lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kupitia mtandao wao, unahitaji namba ya NIDA. Kisha TIN ya TRA na leseni ya biashara ya Jiji. Jina la biashara peke yake halikulindii nembo. Alama ya biashara husajiliwa kivyake, miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10. Na angalieni hiyo hesabu ya juu: mashati 60 kwa 28,000 ni zaidi ya milioni 20 kwa mwaka, wakati mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za TRA, inaanzia mauzo ya milioni 11. Iingizeni kwenye bajeti mapema.

---

mama_wa_kisasa

Naongeza jambo moja la Zara ambalo linafaa sana hapa. Vitambaa vingi walivinunua bila kutiwa rangi, wakapaka baada ya kuona soko linataka nini. Yaani uamuzi unaachwa mpaka dakika ya mwisho.

Huku hatuna kiwanda cha rangi, ila tuna njia yake. Nunua poplini nyeupe na ya bluu iliyokoza, shona miili ya mashati, usiweke kola, mfuko wala ukanda wa vifungo. Yaning'inize. Daftari likikwambia wiki hii wanataka njano, kola na mifuko ya kitenge cha njano inakatwa kwa saa moja. Pisi moja ya kitenge inapamba mashati mengi sana. Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, mji ukijaa wageni, mtu mwenye miili 20 tayari anampa mteja shati siku ya pili.

Hatari yake ni rangi kutoka. Kola nyekundu juu ya mwili mweupe, mfuo mmoja, shati lote limekuwa la waridi. Shona kipande cha kitenge juu ya kipande cheupe, loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni nusu saa, kanda, anika. Cheupe kikibadilika hata kidogo, kitenge hicho kiende kwenye mashati ya kitenge kitupu. Chumvi na siki si dawa ya kuaminika.

---

mshonaji_nkuhungu

Nashukuru sana, dada na wakuu. Moja tu limebaki: kola zinatoa mapovu baada ya kufuliwa. Kitambaa cha gundi ni kibovu au ni pasi?

---

mkata_kitambaa

Mara nyingi ni pasi, mkuu. Pasi inaburuzwa kama mtu anayenyoosha shuka, gundi inayeyuka nusu. Inatakiwa ikandamizwe mahali pamoja sekunde 10 hadi 15, iinuliwe, isogezwe pembeni, ikandamizwe tena. Kola ikiwa bado ya moto usiikunje wala kuivuta; iache ipoe juu ya meza. Jaribu kuibandua kwenye kona: ikiachia kwa ukucha, rudia. Ikiwa imeshika vizuri ila mapovu yanakuja baada ya mfuo, basi kitenge na kitambaa cha gundi havikupungua sawa, turudi kwenye ule mraba wa sentimita 50.

Pasi ya mvuke usiijaze maji ya bomba ya hapa, yana chumvi. Matundu yanaziba na kuacha alama nyeupe kwenye vitambaa vyeusi. Na vumbi letu, hasa miezi ya upepo, linajaa chini ya bobini: toa, piga brashi kila asubuhi, tia tone la oili, kisha shona kwenye tambara mpaka oili iishe kutoka. Sindano namba 14 kwa kitenge, ibadilishwe kila mkato mpya. Kwenye kila mkato, shati la kwanza lifuliwe, likauke na lipigwe pasi kabla hujatoboa matundu ya vifungo kwenye yale 11.