Majina ya Iowa yaliyotupoteza njia: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za Jumapili. Waswahili tunazidi kuongezeka hapa jimbo la Iowa, Marekani, na kila mara napigiwa simu na mgeni aliyepotea. Naanza na langu.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nakaa Des Moines, nikaitwa usaili wa kazi. Barua inasema Des Moines County. Nikalala usingizi mzuri, nikijua ni hapa hapa mjini. Asubuhi naweka anwani kwenye simu, naambiwa mwendo wa karibu masaa matatu! Kumbe jiji la Des Moines liko Kaunti ya Polk. Kaunti ya Des Moines iko kule kusini-mashariki, ukingoni mwa Mississippi, na makao yake ni Burlington. Kazi nikaikosa. Iowa City nayo ni vivyo hivyo: iko Kaunti ya Johnson, na Kaunti ya Iowa ni jirani yake wa magharibi. Kaunti ziko 99, jamani. Tazama jina la mji kwanza.

Karibuni, kila mtu na lake.

Dereva wa Usiku:
Pole mkuu. Langu ni la Januari. Tunatoka Davenport na mke wangu kwa barabara ya 80, upepo unasukuma theluji, gari likateleza hadi mtaroni. Napiga 911, namba ya dharura, naulizwa niko wapi. Naona weupe mtupu. Yule mama akauliza, "Kibao kidogo cha kijani cha mwisho kilikuwa na namba gani?" Nilikuwa sijawahi hata kuvitazama. Mke wangu ndiye aliyekumbuka kwamba tumetoka kupita 284, pale Walcott kwenye kile kituo kikubwa cha malori. Wakatufikia.

Shikeni hili: maili za 80 zinahesabiwa kutoka mto Missouri, Council Bluffs, mpaka Mississippi, maili 306 hivi. Namba za njia za kutokea barabarani zinafuata maili hizo hizo. Ukielekea mashariki na umefika 284, unajua mpaka wa Illinois umebaki kama maili 22. Halafu pale Des Moines, barabara za 80 na 35 zinakwenda pamoja kuanzia 123 hadi 137. Unayekwenda mashariki, hapo 137 kaa njia yako mapema, la sivyo 35 inakupeleka Minnesota.

Mama Mapacha:
Mimi matamshi ndiyo yalinitesa. Sisi tunasoma herufi kama zilivyo. Nilimwambia mwenzangu kazini nahamia Madrid, nikaitamka kama ya Hispania, akabaki ananitazama. Wao wanasema MAD-rid, uzito mwanzoni. Nevada wanaita "Neveida". Tripoli ni "Tripola". Na Des Moines, zile "s" zote mbili hazisikiki: "Dimoin". Sasa nikipata mji mpya namwomba mwenyeji autamke, narekodi kwenye simu.

Mpeleka Vifurushi:
Huko mashambani utakuta "240th Street" na hakuna mtaa wowote, ni changarawe na mahindi. Barabara nyingi zimepangwa miraba ya maili moja moja, kwa hiyo ukipotea hesabu makutano. Ila Agosti naomba muwe waangalifu sana. Mahindi yanapita urefu wa gari, na makutano mengi ya changarawe hayana kibao cha kusimama. Siku moja niliona vumbi likipanda juu ya mbelewele upande wa kulia, nikakanyaga breki. Lori la nafaka likapita mbele ya boneti yangu. Tangu hapo nafungua kioo kila njia panda, nasikiliza kwanza.

Mgeni2:
Asanteni. Kesho natoka Des Moines kwenda Waterloo, simu inanipa 35 kaskazini halafu 20 mashariki. Ni sawa?

Dereva wa Usiku:
Ni sawa kukiwa kukavu. Kukiwa na theluji, angalia kwanza hali ya barabara, maana 35 kaskazini ya Ames ni tambarare tupu na hufungwa. Ikifungwa usitafute njia za changarawe. Lala Des Moines, nenda keshokutwa.