Kilugha cha nyumbani ndicho kinachowafelisha watoto wetu Kiingereza?

Ndugu zangu wa Mbeya na Nyanda za Juu Kusini, hebu tulijadili hili bila kuoneana haya. Kwenye kikao cha wazazi wiki iliyopita mwalimu mmoja alituambia watoto wanafeli Kiingereza kwa sababu nyumbani tunaongea kilugha. Wazazi wengi wakapiga makofi. Mama mmoja akaahidi kumkataza bibi asiongee tena Kinyakyusa na wajukuu. Mimi napinga kabisa.

Waangalieni watoto wa Uporoto. Wengi wanaanza shule na Kisafwa chao, na baada ya miaka michache Kiswahili kinawatoka bila shida. Kilugha hakikuwazuia. Kiswahili kipo sokoni, kipo kwenye daladala, redioni, kanisani, na mwalimu anakimudu. Kiingereza wanakutana nacho wapi? Ubaoni tu, kipindi kikiisha kimeisha.

Juzi nilikaa na binti wa jirani, yuko kidato cha kwanza. Daftari lake la Baiolojia lina maelezo ya jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Akanisomea ukurasa mzima kwa Kiingereza, hakukwama popote. Nikamwuliza maana yake, kimya. Nikamwuliza kwa Kiswahili kwa nini viazi vya baba yake vilivyo chini ya mparachichi havizai. Akanijibu pale pale: kivuli, majani hayapati jua, viazi vinabaki vidogo. Somo analijua huyu! Mtihani ndio hautajua kwamba anajua.

Na haya si mapya. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya mwana wa Njombe, Jackson Makwetta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kidato cha kwanza ifikapo 1985. Serikali haikukubali. Sera ya elimu ya 2014 ikalirudia wazo hilo, na hadi leo mtoto anamaliza darasa la saba shule ya serikali kwa Kiswahili, anafika sekondari anakuta karibu kila somo ni Kiingereza. Hapo ndipo wanapoanguka, tena kwa wingi, na sisi tunamgeukia bibi.

Kwamba kazi nyingi zinadai Kiingereza, nakubali, na watoto wangu nataka wakijue. Basi kifundishwe kama somo, na walimu waliosomea kukifundisha, vitabu viwepo. Mzazi anayekataza Kinyakyusa halafu yeye mwenyewe Kiingereza hana, mtoto anabaki na nini pale nyumbani?

Anayeona kilugha ndiyo tatizo anijibu hili moja. Hapa mjini, Soweto na Ilomba, kuna watoto kibao wasiojua kilugha chochote, nyumbani kwao ni Kiswahili kitupu. Mbona nao wakifika kidato cha kwanza wanakwama vilevile?